Sampuli imetoa 180, mbona mlima umeshuka? Maswali yenu kuhusu nguvu ya mwamba wenye nyufa

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu habari ya miamba yenye nyufa, basi meseji zikamiminika kuliko hata kipindi kile cha zege na nondo. Sikujua kama kuna watu wengi hivi wanalala chini ya mawe, wanachimba ndani ya mawe na wanagombana na makonsaltanti kwa sababu ya mawe. Nimechukua maswali machache, mengine yanafanana kwa hiyo nimeyaunganisha.

SWALI: Shikamoo injinia. Nasimamia saiti ya barabara huku milimani Morogoro. Tumekata mlima kama mita 15 kwenda juu, mwamba ni ule wenye mistari mistari, mgumu kishenzi, meno ya ekskaveta yanaisha kila siku. Tulipeleka sampuli maabara ikarudi na megapaskali 180. Sasa mvua ya juzi kipande kikubwa kimeteleza kizima kizima mpaka barabarani. Konsaltanti anataka tusimame tupime nyufa zote upya, mkandarasi anasema hizo ni mbwembwe za kula hela maana mwamba una nguvu kuliko zege. Nani yuko sahihi? – Msimamizi wa saiti, Morogoro

JIBU: Marahaba. Konsaltanti yuko sahihi, na mkandarasi naye hajadanganya, ila anajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Twende na hesabu yake kwanza. Megapaskali ni kipimo cha mbano ambao jiwe linauvumilia kabla ya kupondeka. Zege la kawaida la daraja ni megapaskali 30 hivi, sawa, mwamba wenu una mara sita yake. Sasa chukua hiyo 180 ugawe kwa uzito wa mwamba, ambao ni kama kilonyutoni 26 kwa kila mita ya ujazo, unapata kwamba mwamba huo kama usingekuwa na ufa hata mmoja ungesimama wima karibu kilomita 7 kabla haujajiponda wenyewe chini. Kilimanjaro yenyewe ni mita 5,895. Nyie mmekata mita 15 na umeshuka. Kwa hiyo hiyo 180 haikuhusika kabisa na kilichotokea, hata kama ingekuwa 90 au 300 kile kipande kingeshuka vilevile siku ileile.

Kilichoshuka hakikuvunjika, kiliteleza. Uliposema mistari mistari nikajua ni naisi, huo mwamba umejaa ukanda wote huo wa Morogoro na una tabaka zilizolala upande mmoja, na mkandarasi akikata barabara akapita chini ya tabaka zinazoinamia barabarani anakuwa ameshazikata miguu. Hapo kuna mambo matatu ya kuangalia na hayahitaji kompyuta: je, ufa unainamia upande wa barabara, je, mwinamo wake ni mlalo kuliko uso mliokata ili utokeze hewani, na je, ni mkali kuliko pembe ya msuguano, yaani pembe ambayo jiwe linaanza kuteleza juu ya jiwe. Yote matatu yakiwa ndiyo, kipande kinasubiri siku yake tu, na siku yake mara nyingi ni ya mvua.

Halafu kuna hili la sampuli, watu wengi hawalifikirii. Kipande kilichofika maabara ni kile kilichonusurika. Vile vilivyokuwa na nyufa vilivunjika wakati wa kuchukua, vingine vikavunjika kwenye gari, fundi akachagua kizuri akakichonga akakiweka kwenye mashine. Kwa hiyo mmepima sehemu bora kuliko zote za mlima mkaandika ndiyo mlima.

Cha kufanya saizi, kabla ya chochote, tafuteni vipande viwili vilivyokuwa vimeshikana kwenye ufa wa asili, hapo kwenye kifusi hamvikosi. Mrudishie mwenzake juu kama vilivyokuwa, weka kwenye ubao, inua ubao upande mmoja polepole sana mpaka cha juu kianze kuteleza, mtu mwingine asome pembe kwa simu, siku hizi simu janja nyingi zina hiyo kitu ya kupimia mwinamo. Rudieni mara kadhaa na vipande tofauti. Ufa ulio laini unaweza kuanza kuteleza kwenye nyuzi 35 hivi, ule wenye mabonde na vilima utakwenda 60 au 70 na usiteleze. Ila msikimbilie kuandika hiyo 70 kwenye ripoti, kwa sababu kwenye ubao kipande kina uzito wa kilo chache tu, mlimani kina tani mia kadhaa juu yake na vile vilima vidogo vinakatika badala ya kupandwa.

Hilo ndo watafiti Nick Barton na Choubey waliliandikia fomula mwaka 1977. Unachukua pembe ya msuguano ya mwamba wenyewe, tuseme 30, unaongeza namba ya ukwaruzo wa ufa, ambayo ni kuanzia 0 mpaka 20, ukizidisha kwa logi ya nguvu ya uso wa ufa gawanya kwa mgandamizo uliopo. Ufa wenye ukwaruzo wa 10, uso wake una megapaskali 100, mgandamizo nusu megapaskali, logi ya 200 ni 2.3, unapata 30 jumlisha 23 ni nyuzi 53. Ufa huohuo ukiwa laini wa namba 3 unapata 37 tu. Kama tabaka zenu zinainama nyuzi 40 unaona mwenyewe mmoja utakaa mwingine utashuka. Na kama ndani ya ufa kuna udongo wa mfinyanzi umejaa mpaka kuta mbili hazigusani, sahau fomula, hapo unapima udongo, na udongo huo unaweza kuwa na nyuzi 15.

Maji ndo yalimalizia kazi. Ufa wa nyuma ukifunguka mita 5 kwenda chini ukajaa maji, yanasukuma kwa kilonyutoni 125 kwa kila mita moja ya urefu wa barabara, yaani kama tani 12 na nusu za kusukuma tu, alafu maji yaliyopenya chini ya kipande nayo yanakinyanyua kwa hiyo msuguano unapungua. Kabla ya kufikiria bolti za kushikilia mwamba fikirieni matundu ya kutolea maji na mtaro wa juu, ni bei rahisi na mara nyingi yanatosha kununua muda. Alafu pale mnapoweza, kateni kwa kufuata mwinamo wa tabaka badala ya kulazimisha ukuta wima, mtachimba zaidi ndio lakini hamtarudi kuzoa kifusi kila masika.

SWALI: Habari za kazi mwalimu. Niko mwaka wa tatu jiolojia, tumefundishwa RQD, RMR, Q, GSI na Hoek-Brown zote semista moja na sasa vimechanganyikana kichwani. Nikienda fildi nitumie ipi? Na kwa nini tusitumie moja tu tukamaliza? – Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Pole, hata sisi tulifundishwa hivyohivyo, kama orodha ya dawa bila kuambiwa ni za ugonjwa gani.

Zote ni njia za kukadiria ubora au nguvu ya mwamba pamoja na nyufa zake. Shida ya msingi ni kwamba huwezi kuweka mlima kwenye mashine. Sampuli ya maabara ina upana wa sentimita 5, nyufa zinapishana kwa nusu mita, ili upime mwamba pamoja na nyufa zake ungehitaji sampuli ya mita kadhaa na mashine ya kuibana ambayo haipo. Kwa hiyo watu wakagawanyika. Wengine wakasema sisi hatutafuti nguvu, tunatafuta jinsi ya kuushikilia usituangukie, tutaupa mwamba maksi alafu tuangalie mahandaki yaliyopita yenye maksi kama hizo yaliwekewa nini. Huyo ni Bieniawski kule Afrika Kusini mwaka 1973 na RMR yake, maksi mia moja: nguvu ya jiwe 15, RQD (asilimia ya vipande virefu kwenye kori, yaani jiwe la mviringo linalotoka kwenye mtambo wa kuchoronga) 20, umbali kati ya nyufa 20, hali ya nyufa 30, maji 15, hiyo ni kwa toleo la 1989. Angalia hapo, hali ya nyufa inabeba mara mbili ya nguvu ya jiwe. Kundi hilohilo lina Barton na wenzake Lien na Lunde kule Norway mwaka 1974 na Q, ambayo yenyewe ni vizidisho vitatu, na inaanzia 0.001 mpaka 1,000, na nguvu ya jiwe haimo moja kwa moja kabisa. Walikusanya mahandaki zaidi ya 200 wakatengeneza. Hizo mbili ukizitumia kwenye handaki ziko nyumbani. Ukizihamishia kwenye kitu kingine jiulize kwanza kama hizo kesi za nyuma zinafanana na chako.

Wengine wakasema hapana, mimi nina programu ya kompyuta inataka namba za nguvu, nipe nguvu. Hao ndo Evert Hoek na Ted Brown mwaka 1980. Na hapa kuna kisa nakipenda. Walipokuwa wanatafuta data za mwamba wenye nyufa uliopimwa kweli, karibu hawakupata kitu duniani, isipokuwa andesaiti, mwamba wa volkano, ya mgodi wa shaba wa Panguna, kisiwa cha Bougainville, Papua New Guinea. Kule Jaeger wa Australia alikuwa amefanikiwa kupata sampuli nene za milimita 152 zikiwa na nyufa zake zimeshikana bila kuvurugika, kazi ngumu sana hiyo, akazibana kwenye mashine. Jiwe zima la Panguna lilikuwa na megapaskali 265 hivi, lile lenye nyufa likawa na sehemu ndogo mno ya hiyo. Kwa hiyo fomula ambayo leo iko kwenye programu zote za miamba ulimwenguni mguu wake mmoja mkubwa umesimama kwenye sampuli chache za mlima mmoja wa Pasifiki. Silisemi hili kuidharau, nalisema ili ukiona kompyuta inakupa desimali tatu usishtuke wala usiamini.

Mwanzoni waliiunganisha na RMR, baadaye Hoek akaona RMR inamsumbua, maji yanahesabiwa mara mbili, kwenye mwamba mbovu RQD ni sifuri na haisemi kitu, ndipo mwaka 1994 akaleta GSI. Hiyo unasimama mbele ya mwamba unaangalia vitu viwili tu: umekatikakatika kiasi gani, na nyuso za nyufa zikoje, mbichi na zenye makwaruzo au zimeoza zina utelezi na udongo. Unaenda kwenye jedwali unachora duara. Duara, sio nukta! Mwanafunzi akiniandikia GSI ni 47 namuuliza hiyo 7 ameitoa wapi, andika 40 mpaka 50 ujue unaongea ukweli.

Tufanye moja. Graniti, jiwe lenyewe megapaskali 150, namba yake ya mi, inayotegemea aina ya mwamba, tuseme 32, GSI katikati 45, halijavurugwa na baruti kwa hiyo D ni sifuri. Kwenye fomula yao kuna namba s na a zinazotokana na GSI. Namba s ni e (2.718) kwa kipeo cha (45−100)/9, inatoka 0.0022, na a inatoka 0.508. Nguvu ya mwamba pale usipobanwa pembeni, yaani pale ukutani mwa shimo, ni 150 zidisha 0.0022 kwa kipeo cha 0.508, inakuja kama megapaskali 6.7. Kutoka 150 mpaka 6.7, hiyo ni chini ya asilimia 5. Ukiingia ndani zaidi ambako mwamba unabanwa na wenzake inapanda haraka, ndo maana kuna ile mb, yaani mi iliyopunguzwa kwa sababu ya nyufa, hapa ni kama 4.5, usiisahau.

Sasa pasua mwamba huohuo kwa baruti ya fujo, D iwe 1. Kwenye fomula ile 9 inakuwa 6, s inaporomoka mpaka 0.0001, na nguvu inabaki megapaskali 1.4. Mpiga baruti amekula zaidi ya robo tatu ya nguvu iliyobaki, kwa siku moja. Ila, na hapa ndipo mnapokatwa maksi, hiyo D ni ya ile sehemu iliyoharibiwa tu, mita chache kutoka kwenye uso. Ukiiweka mlima mzima umeua mlima mzima kwenye karatasi na gharama ya mteja inapanda bure, Hoek na Brown wenyewe walirudia kulisema hili kwenye toleo lao la mwisho la 2018.

Kuhusu utumie ipi, kabla hujagusa jedwali simama mbali uangalie ukubwa wa kitu chako na ukubwa wa vipande. Kama unachochimba ni kikubwa na vipande ni vidogo na nyufa zinakwenda kila upande bila upendeleo, mwamba utafanya kama kitu kimoja kilicholegea, hapo Hoek-Brown ni halali yako. Kama kuna nyufa chache kubwa, au kundi moja linatawala kama ile naisi ya Morogoro hapo juu, GSI haina kazi, nenda kwenye kila ufa na pembe yake. Nimeshaona ripoti ina kurasa nzima za Hoek-Brown kwenye mlima ambao tatizo lake lilikuwa ufa mmoja unaoonekana kutoka barabarani.

SWALI: Injinia, mimi ni msaidizi kwenye mtambo wa kuchoronga, Geita. Jiolojisti wetu akipima RQD anapata 80, mwenzake wa shifti nyingine kwenye boksi lilelile anapata 60. Inawezekanaje na wote wana tepu? – Kijana wa boksi

JIBU: Inawezekana sana na nadhani najua tatizo liko wapi.

RQD, aliyeileta ni Don Deere kule Marekani miaka ya 60, ni rahisi: unajumlisha vipande vyote vya kori vyenye sentimita 10 na kuendelea, unagawa kwa urefu uliochorongwa. Tuseme mmechoronga mita moja na nusu, boksini kuna 38, 24, 17, 9, 12, 6, 31 na kokoto za hapa na pale. Acha 9 na 6, jumla inayobaki ni 122, gawa kwa 150 unapata 81. Sasa mwenzake akiiona ile ya 38 imekatika katikati akahesabu 29 na 9, ameshapoteza 9. Akiikuta 17 imekatika 8 na 9, amepoteza yote. Anabaki na 96, sawa na 64. Swali ni nani aliikata. Kama mmeikata nyie kwa kuigonga bomba ili itoke, au kuitupia boksini, uso wa mkato unakuwa mbichi, unang'aa, makali hayajalika, haina kutu wala udongo, hiyo haihesabiwi ni kipande kimoja. Ufa wa asili mara nyingi una rangi, una kahawia ya chuma au unga wa kijani au utelezi. Weka alama ya msalaba kwa maka peni kila unapokata kwa mkono, palepale, usisubiri kesho, utakuwa umemaliza ugomvi wa shifti.

Na kuna mtego mkubwa kuliko huo. Tundu likichorongwa wima na nyufa nazo ziko wima, tundu linapita katikati yao bila kuzigusa, mnapata kori ndefu nzuri, RQD 95, watu wanapongezana. Mwambie jiolojisti atazame ukuta wa shimo ulioko karibu kabla hajaamini. Na ndiyo, kori yote ya vipande vya sentimita 11 inapata 100, ya vipande vya sentimita 9 inapata sifuri, kipimo kina ujinga wake, kinatumika kwa sababu ni rahisi na kila mtu anacho.

SWALI: Kaka mambo. Duara letu, yaani shimo la machimbo, liko kwenye mwamba mkavu mgumu balaa, mzee mwenye duara anasema hapa matimba (magogo ya kushikilia dari) ni ya nini, mwamba wenyewe ni chuma. Wiki iliyopita kipande kimemkosakosa jamaa. Hakikulia wala nini. – Mchimbaji mdogo

JIBU: Poa kaka, na nashukuru kimemkosa.

Mwamba laini ukitaka kushuka unalalamika kwanza, unamwaga vumbi, matimba yanalia. Mwamba mgumu wenye nyufa haulii, kwa sababu hakuna kinachovunjika, kipande kilikuwa kimeshakatwa pande zote tangu zamani na kilikuwa kinashikiliwa na vijiwe viwili vitatu pembeni. Ni kama ukuta wa tofali zilizopangwa bila saruji, ubora wa tofali haukusaidii. Nyie mlipotoa wenzake wa chini mkakiacha kinaning'inia. Nyufa za pande tatu zikikutana juu ya kichwa chako zinatengeneza kabari, na kabari ya mita moja kila upande haishindwi kuwa na kilo mia tatu.

Kila baada ya baruti, na kila mnapoingia asubuhi, mmoja aingie na mtarimbo mrefu asimame pale palipokwisha kukaguliwa, agonge dari mbele yake huku anasikiliza. Pakilia kengele pamekaa. Pakilia ngoma, sauti nzito ya kitu kilicho wazi nyuma, kiangusheni kabla hakijajiangusha, na anayeangusha awe na pa kukimbilia nyuma yake sio mbele. Mkiona ufa una udongo laini wa kuteleza kama sabuni mkononi, au ulikuwa mkavu kiangazi na sasa unatoa jasho, hapo matimba sio hiari. Mpeni mzee hii asome, kwa heshima, wazee wa maduara hawapendi kuambiwa na vijana.

SWALI: Sasa injinia. Sisi ni kikundi cha maji hapa Murang'a, tunapanga kabwawa ka zege kwa bonde lenye mwamba. Mtaalamu amekuja siku moja, akasema mwamba ni poa, RMR ni 70 na kitu, tuendelee. Hiyo yatosha? – Katibu wa kikundi, Kenya

JIBU: Haitoshi, na si kwa sababu mtaalamu wenu hajui kazi. Maksi 70 inasema mwamba kwa jumla ni mzuri. Haisemi kama kuna ufa mmoja umelala vibaya chini ya bega la bwawa, yaani pale bwawa linapoegemea ukingo wa bonde, na bwawa linaondoka na ufa mmoja tu.

Mfano wake mkubwa ni Malpasset, kusini mwa Ufaransa, juu ya mji wa Fréjus. Bwawa la upinde, jembamba, mita 66 kwenda juu, aliyelisanifu alikuwa André Coyne, mmoja wa mabingwa wa mabwawa wa enzi zile. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1959, baada ya mvua kubwa, wakati ziwa linajaa kabisa kwa mara ya kwanza, likapasuka, watu zaidi ya 400 wakafa. Walipochunguza, zege halikuwa na kosa. Mwamba wa bega la kushoto, naisi tena, ulikuwa na tabaka zilizolala vibaya na upande wa chini ya bwawa kulikuwa na mpasuko mkubwa, vikatengeneza kabari. Msukumo wa bwawa ukabana nyufa upande mmoja maji yakashindwa kupita, presha ikapanda chini ya bwawa, kabari ikanyanyuka na kusukumwa, bega likaondoka. Baada ya hapo wahandisi wengi zaidi wakaanza kuichukulia miamba kama fani yenyewe, na mwaka 1962 Leopold Müller na wenzake wakaanzisha chama cha kimataifa cha mekanika ya miamba kule Salzburg.

Kabwawa kenu ni kadogo, sikatai, lakini mwambieni mtaalamu awapatie mambo haya kwa maandishi: ramani ya nyufa za mabega yote mawili na mwelekeo wake ukilinganisha na maji yatakakosukuma, angalau tundu moja la kuchoronga kwa kila bega lililoinama sio wima, na kipimo cha kuona mwamba unavuja kiasi gani maji yakisukumwa kwenye hilo tundu. Siku moja haitoshi kwa hayo.

SWALI: Shikamoo. Nimejenga Mwanza kwenye kilima, juu ya nyumba kuna jabali kubwa limekaa juu ya jabali lingine. Lipo tangu babu. Jirani ameanza kupasua kokoto pale chini kwa kuchoma matairi juu ya mawe. Nina haki ya kuogopa? – Mama mwenye nyumba, Mwanza

JIBU: Marahaba mama, na haki unayo, ila umwogope jirani kabla ya jabali.

Graniti ya Mwanza inabanduka kwa maganda, kuna nyufa zinazofuata mgongo wa kilima zilizotokea baada ya miamba ya juu kuliwa na mmomonyoko na ile ya chini kupumua. Jabali lako liko juu ya ganda kama hilo. Kudumu tangu babu ni ushahidi mzuri kuwa msuguano wa hapo unatosha kwa hali ilivyokuwa. Jirani anabadilisha hali. Moto unapanua uso wa jiwe kuliko ndani, ganda linafunguka, ndicho anachokitaka apate kokoto, lakini hajui ufa unaishia wapi, na unaweza kuendelea chini ya jabali lako.

Kadiria uzito wake: likiwa mita 3 kwa 2 kwa 2 ni ujazo wa 12, zidisha 2.65, tani kama 32. Kisha tembelea pale lilipokaa. Je, limekaa juu ya jiwe kwa jiwe, au sehemu limekaa juu ya udongo unaoliwa na maji ya mvua? Je, lile la chini linainamia kwako au kilimani? Je, kuna mzizi umeingia kwenye ufa? Je, kuna unga au vigae vipya vyeupe vilivyodondoka pembeni, maana jiwe la zamani ni jeusi lenye kuvu, pakiwa peupe ujue pamevunjika karibuni. Mwambie fundi apake plasta ya jasi kukatiza ufa sehemu mbili tatu, aandike tarehe. Jasi haivutiki, ikipasuka kitu kimesogea. Maji ya paa na ya bafu usiyaelekeze huko, na usikubali mtu achimbe mguu wa jabali hata kwa msingi wa choo. Kama lile la chini linainamia kwako, au plasta imepasuka, usisubiri toleo lijalo, nenda serikali ya mtaa na barua, waite watu wa ofisi ya madini au jiji waje waone, na watoto wahamie chumba cha upande wa pili wa nyumba leoleo.